Vifaa vya kusolda pete na hereni nyumbani: nunua tupa kabla ya tochi

Karibu kila mtu akishaamua kuanza kujitengenezea pete na hereni nyumbani anakimbilia tochi ya gesi kwanza, yaani ule moto wa bluu ndio unaomvutia, afu anaagiza boksi la vifaa 30 kwa mpigo ambalo nusu yake halitaguswa milele. Mi nilifanya hivyo hivyo. Boksi langu lilikuja na plaizi sita na roli ya solda ya mafundi redio, tupa hamna. Wiki nzima nikawa nachoma tu, solda inajiviringa kama tone la maji kwenye jani la mgomba, haishiki, nikailaumu tochi, nikatafuta nyingine kubwa, nikayeyusha pete ikawa kidonge. Kumbe tochi ya kwanza haikuwa na kosa lolote, pete zangu zilikuwa na mwanya, zina mafuta ya vidole, na solda yenyewe si ya kazi ile.

Kwa hiyo hapa navipanga vifaa kwa jinsi vinavyoamua kama kazi itashika au haitashika, tochi utaikuta huko chini.

Ila kwanza tuelewane hili neno kusolda. Fundi redio anatumia pasi ya umeme na solda ya bati, ile ya bati na risasi ya 63 kwa 37 inayeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Sonara analehemu kwa moto wazi, na solda yake ni mchanganyiko wa fedha, shaba nyekundu na zinki, inayoyeyuka kuanzia nyuzi 700 hivi kwenda juu, ndio maana ile pasi haiwezi kuiyeyusha hata ukiishikilia mpaka kesho asubuhi. Solda ya risasi usiipeleke kwenye pete kabisa. Ni laini, maungio yanaachia, risasi ni sumu na pete inakaa kwenye ngozi siku nzima, na kuna balaa la tatu ambalo wengi hawalijui: fedha yenye mabaki ya risasi ukija kuipasha moto mkali siku nyingine, ile risasi inaila fedha na kuitoboa mashimo. Kwa hiyo ukiletewa pete ya zamani urekebishe na ukaona imebandikwa kitu cha kijivu kilichofifia, kikwangue chote kiishe kabla hujawasha chochote.

Tupa, msumeno na msasa

Solda haijazi mwanya. Ningeweza kuishia hapo na ingetosha. Solda ikiyeyuka inavutwa kwenye upenyo mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, sasa ukiiachia uwazi wa kupitisha kucha haina pa kupanda, inabaki upande mmoja inakuangalia. Ncha mbili lazima zigusane kila mahali. Kipimo chake ni rahisi, inua kipande chako kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya kwenye maungio hata kama uzi, rudi kwenye tupa.

Tupa bapa moja ya meno ya wastani inatosha kuanzia, ongeza seti ya zile ndogo nyembamba kama sindano, kati yake ile yenye mgongo wa duara ndio utaitumia zaidi ndani ya pete. Afu msumeno wa sonara, ule wa fremu ndogo na uzi wa meno unaovutwa mpaka ukipigwa kidole unalia kama gitaa. Nyuzi zake za namba 2/0 ni nzuri kwa kujifunzia, nunua dazeni kadhaa kwa sababu utazivunja, na ukizivunja usijione mjinga, kila mtu anazivunja. Msumeno nausisitiza kwa sababu wengi wanakata waya kwa plaizi, na plaizi haikati, inabana, inaacha ncha iliyochongoka kama paa la nyumba. Paa mbili haziwezi kukutana uso kwa uso hata uzisukume vipi.

Kuna mbinu moja ya bure: pete ukishaikunja na kuifunga, pitisha msumeno palepale kwenye maungio. Uzi unakata ncha zote mbili kwa mkupuo mmoja, zinatoka sambamba. Fungua kidogo, sukuma ncha zipishane pande zote ili pete ipate msukumo wa kujibana, afu zirudishe zikutane. Itakaa imefunga yenyewe bila kushikwa na mtu.

Msasa wa namba 400 na 600 uwe nao, nyundo ya plastiki au ya ngozi, na ile fimbo ya chuma iliyochongoka ya kunyooshea pete. Fimbo inaweza kusubiri kama unaanza na hereni.

Solda yenyewe

Kwenye pakiti za solda ya fedha utakuta maandishi Hard, Medium na Easy, mi naziita ngumu, ya kati na rahisi. Ugumu huo hauhusiani na kukunjika, ni joto la kuyeyukia tu. Inatofautiana kidogo kwa mtengenezaji, ila ngumu huyeyuka kati ya 745 na 780 hivi, ya kati 720 mpaka 765, rahisi karibu na 705 mpaka 725. Sasa weka hizo namba pembeni ya fedha ya 925, yaani yenye fedha asilimia 92.5, ambayo inaanza kulegea kwenye nyuzi 800 na kitu na ikifika 890 na kidogo yote imekuwa maji. Umeona nafasi ilivyo ndogo? Kati ya solda ngumu kukimbia vizuri na pete yako kuanza kuporomoka hakuna hata nyuzi 50. Shaba nyekundu inayeyuka kwenye 1085, ndio maana nitakuambia huko mbele uanze nayo.

Sababu ya kuwepo aina tatu ni kazi zenye maungio mengi. Unaanza na ngumu kwenye maungio ya kwanza, yanayofuata ya kati, ya mwisho rahisi, ili moto wa mara ya pili usiyafungue ya kwanza. Wengi wanashauri ununue zote tatu. Mi nasema nunua ngumu na rahisi, ya kati iache, maana imebanana sana na majirani zake na mtu anayeanza hawezi kuitofautisha kwa macho. Na solda ikishayeyuka mara moja, sehemu ya zinki inaondoka, kwa hiyo mara ya pili inataka joto kubwa kidogo kuliko mwanzo, hiyo inakupa usalama kiasi. Rahisi ina rangi ya njano kidogo, kwenye pete iliyong'arishwa utaiona kama mstari, ndio maana kitu cha mbele kabisa nakifanya kwa ngumu kila nikiweza.

Inauzwa kama waya, kama karatasi nyembamba ya madini, au kama uji ndani ya sindano. Ule uji una flaksi (dawa ya kuzuia weusi wa moto, nitaieleza huko chini) ndani yake tayari, unavutia sana kwa mtu mvivu kama mimi, ila unakauka ndani ya sindano kabla hujafika nusu na ni rahisi kuumwaga mwingi kuliko unavyohitaji. Waya ni rafiki zaidi. Ugonge ncha uwe bapa, kata vipande vya milimita 1 kwa mkasi mdogo wa bati, weka kidole mbele ya mkasi visirukie sakafuni. Kipande kimoja cha milimita 1 kinatosha kufunga kipete cha mkufu na kubaki, tena kinabaki sana. Makosa ya wanaoanza ni kuweka solda kama wanapaka siagi, afu jioni nzima wanaipiga tupa kuitoa.

Ziweke kwenye vikopo tofauti na uandike jina kwenye KOPO, sio kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana. Zikishachanganyika hakuna jicho la binadamu litakalozitenganisha. Waya pia ukunje ncha kwa alama zako, mi ngumu naiacha imenyooka na rahisi naikunja duara.

Na soma kwa makini kama imeandikwa haina kadimiamu. Solda za zamani zilikuwa nayo, moshi wake ni sumu kali ya mapafu, hata ukipewa bure na fundi mstaafu usiichome nyumbani.

Flaksi

Shaba ikipata moto na hewa inavaa ngozi nyeusi, na solda haishiki kwenye ngozi hiyo. Fedha ya 925 ina shaba asilimia 7.5 kwa hiyo nayo inapata hiyo shida. Kazi ya flaksi ni kuifunika madini isikutane na hewa.

Boraksi ndiyo mzee wa kazi. Inauzwa kama koni ngumu pamoja na kisahani kisicholainishwa, unaweka matone ya maji, unasugua koni kwa mzunguko mpaka upate kitu kama maziwa mazito. Inachukua dakika moja, haina harufu, inakaa miaka. Flaksi ya uji mweupe kwenye kopo ni rahisi zaidi kutumia na inafanya kazi mapema kidogo, ila nyingi zina floridi, moshi wake unawasha koo na macho, hiyo itumie dirisha likiwa wazi na uso wako usiwe juu ya moshi. Brashi ndogo ya kuchorea inatosha kuipaka.

Flaksi pia ni kipimajoto chako, na hii ndio siri ambayo ningependa ningeambiwa mapema. Ukianza kupasha taratibu itachemka na kuvimba kama povu jeupe, hapo maji yanatoka. Afu inatulia, inakuwa kama unga mkavu. Afu ghafla inayeyuka na kuwa kama kioo kilicholowa, inang'aa, na hapo ujue solda haiko mbali. Ukiwa unachoma na flaksi bado ni povu, hamna haja ya kuitazama solda. Ukiwa umechoma muda mrefu mpaka kioo kimekuwa cheusi na kikavu, flaksi imekufa, zima, safisha, anza upya. Kuongeza moto hapo hakujawahi kumsaidia mtu.

Mahali pa kuchomea

Meza ya mbao hapana, hata ukiweka nini juu yake. Mi natumia sinia la chuma la kuokea, ndani yake taili moja ya kauri, juu ya taili tofali la kuchomea. Sinia linakamata vinavyodondoka, taili inazuia joto lisishuke, na tofali ndio linafanya kazi.

Tofali la mkaa uliobanwa linarudisha joto kwenye kipande chako kiasi kwamba tochi ndogo inafanya kazi ya tochi kubwa, na linakula hewa iliyo karibu kwa hiyo madini haipati weusi sana. Mi ndilo nalolipenda, ila lina tabia moja mbaya: linaendelea kuwaka ndani bila kuonyesha. Usiku mmoja nilizima kila kitu nikaenda kulala, saa nzima baadaye nasikia harufu, narudi nakuta tofali lina shimo jekundu la ukubwa wa sarafu na linajila lenyewe polepole. Bahati lilikuwa juu ya taili. Siku hizi nalinyunyizia maji na kulishika kwa mkono kabla sijaondoka, likiwa na joto hata kidogo siondoki. Tofali jipya lizungushie waya wa chuma lisipasuke vipande.

Kama hutaki hiyo presha, chukua tofali laini jeupe la magnesia au lile la kauri lenye matundu kama sega la nyuki. Hayawaki, na la matundu unaweza kuchomeka pini kushikilia kazi. Vibao vya zamani vya asbesto bado vinazunguka kwenye mikono ya watu, ukipewa kataa.

Kigae cha jikoni peke yake kama sehemu ya kuchomea hakifai, kinanyonya joto na kingine kinapasuka kwa kishindo. Kiwe chini tu.

Tochi, hatimaye

Tochi ndogo ya gesi ya byuteni, ile inayojazwa kutoka kwenye kopo na inayotumika pia jikoni kuunguzia sukari juu ya vitindamlo, inatosha kwa pete, hereni, vipete vya mkufu na vidani vya ukubwa wa sarafu. Moto wake ni mkali vya kutosha, unachokosa ni wingi wa joto. Bangili nene au kidani kipana kama kiganja kitaishinda, kwa sababu fedha ndiyo madini inayosafirisha joto haraka kuliko zote, unapasha upande huu na joto linakimbilia upande ule na kupotelea hewani. Hapo watu wanahamia tochi ya propeni ya kuchanganya na hewa. Oksijeni na mitungi miwili nyumbani huhitaji, hiyo acha.

Angalia vitu vitatu ukinunua: kitako kipana isianguke, kitufe cha kuufungia moto ubaki unawaka bila kukaza kidole, na kidhibiti cha ukubwa wa moto. Urembo mwingine wote ni rangi.

Kujaza kwake: zima, ipoe kabisa, toa hewa iliyobaki kwa kubonyeza vali, igeuze kichwa chini na kopo la gesi lisimame juu yake kichwa chini, bonyeza sekunde chache, iache dakika tano kabla ya kuwasha. Hakuna moto wowote chumbani wakati unajaza. Byuteni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni inasubiri cheche, kwa hiyo ukinusa gesi fungua madirisha na usiguse swichi. Kwenye tochi ya mtungi paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira, mapovu yakikua inavuja.

Ndani ya moto utaona koni ndogo ya bluu iliyokolea. Watu wanaisogeza iguse kazi wakidhani ndio kali. Hapana, ndani ya koni gesi bado haijaungua, sehemu kali ni mbele kidogo ya ncha yake. Sogea nyuma.

Vya kushikia na kusukumia

Vibano viwili vinatosha: kimoja cha ncha nyembamba cha kuwekea solda, na kingine cha kinyume, yaani ukibonyeza kinafunguka na ukiachia kinabana, chenye mshikio usiopitisha joto. Hicho cha pili kikifungwa kwenye kitako kizito watu wanakiita mkono wa tatu, na utakishukuru siku ya kusolda mti wa hereni, kile kijiti kinachopita sikioni, ambapo mkono mmoja una tochi na wa pili unatetemeka. Ila kumbuka kibano cha chuma nacho kinanyonya joto, kishike mbali na maungio, la sivyo unapasha kibano.

Fimbo nyembamba ya titani ni kitu kidogo chenye maana kubwa. Solda haigandi kwenye titani, kwa hiyo kipande kikihama wakati flaksi inavimba unakirudisha nayo huku moto unawaka. Ukikosa, sindano nene ya chuma iliyochomekwa kwenye mpini wa mbao inasaidia ingawa inagandiwa mara moja moja. Waya mwembamba wa chuma wa kufungia vipande visihame uwe nao, lakini ule usiopakwa zinki, zinki ikichomwa inatoa moshi unaotia homa.

Maji ya asidi

Ukimaliza kusolda kazi inatoka nyeusi, imejaa kioo cha flaksi, inatia huruma. Inaingia kwenye maji ya asidi ya uvuguvugu, dakika kumi, inatoka nyeupe safi. Masonara wanatumia sodiamu baisalfeti, ambayo inauzwa pia kama dawa ya kushusha pH kwenye mabwawa ya kuogelea, soma lebo isiwe na kitu kingine ndani. Kwa nyumbani mi napendelea asidi ya sitriki, ile ya unga wenye ukali wa limau, gramu 100 hivi kwa lita 1 ya maji ya moto. Ni ya polepole ila ni mpole kwa mapafu. Siki na chumvi inafanya kazi pia ukikwama, chumba kitanuka na vifaa vyako vya chuma vitapata kutu, mi nimeiacha.

Maji kwanza ndani ya chombo, asidi baadaye, kila mara. Chombo kiwe cha kioo au kauri, ukipata sufuria ya umeme ya kupikia polepole yenye bakuli la kauri ni nzuri sana, na kuanzia siku hiyo sio ya chakula tena, iandike kwa rangi nyekundu. Yasichemke. Funika.

Na hapa kuna kosa ambalo lazima ulifanye mara moja ndio uamini. Usiingize chuma ndani ya hayo maji. Nilichovya kibano cha chuma kutoa hereni nne za fedha, zikatoka zote za waridi. Maji yaliyotumika yana shaba iliyoyeyuka ndani, chuma kikiingia kinaifanya ile shaba itoke na kujipaka kwenye fedha zote zilizomo. Tumia koleo la shaba nyekundu, au la plastiki, au la mbao, na hakikisha umefungua waya wote wa chuma uliofungia kazi. Hereni zangu nilizisugua kwa msasa mwembamba mpaka vidole vikaisha.

Kazi ikitoka kwenye moto ipoze kwanza kwenye bakuli la maji ya kawaida. Ukiitumbukiza ya moto kwenye asidi inakurukia usoni. Ikitoka kwenye asidi isuuze kwa maji yenye bekingi soda kidogo.

Maji yakishakuwa ya bluu iliyokolea na yamechoka, usiyamwage bustanini wala mtaroni, ile shaba inaua samaki na mimea. Weka bekingi soda kidogo kidogo mpaka yaache kutoa povu, yaache yakauke kwenye ndoo isiyo na mfuniko mahali ambapo watoto hawafiki, kinachobaki kipeleke kwenye taka za kemikali.

Mwili wako

Miwani ya kinga ya kawaida, eproni ya pamba, nywele zimefungwa, mikono ya shati imekunjwa. Nguo za nailoni zinayeyukia kwenye ngozi. Maji kwenye ndoo karibu na mguu, kizima moto ukutani, na dirisha wazi ila upepo usipige moto moja kwa moja. Kitu chenye uvungu uliofungwa pande zote, kama ushanga wa kuunganisha nusu mbili, kitoboe tundu dogo kabla ya moto, hewa ya ndani ikitanuka kinapasuka kama bomu dogo. Lulu, opali na feruzi hazipandi motoni kabisa, jiwe linakuja mwisho baada ya kila kitu.

Siku ya kwanza

Chukua waya wa shaba nyekundu wa milimita 1, uzungushe kwenye kalamu mara kumi, kata kwa msumeno, una vipete kumi. Funga kimoja mpaka mwanga usipite. Kioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani, kuanzia hapo kishike kwa kibano tu. Paka flaksi kwenye maungio na kidogo kuzunguka. Weka kipete kwenye tofali, maungio yakikuelekea, na kipande kimoja cha solda rahisi kilale juu ya maungio au chini yake, kiguse pande zote mbili.

Punguza mwanga wa chumba kidogo ili uone rangi. Anza mbali, zungusha moto polepole kipete kizima, usielekeze kwenye solda. Wanaoanza wanaichoma solda yenyewe, inayeyuka kwanza na kuwa kidonge kwa sababu madini chini yake bado ya baridi. Solda inafuata joto, inakimbilia upande wenye moto zaidi, kwa hiyo kama imeruka upande wa kushoto tu, upande wa kulia ulikuwa baridi. Flaksi itavimba, itulie, iwe kioo. Kipete kitaanza kuwa chekundu cha kufifia, hapo sogea karibu kidogo na uendelee kuzungusha, na ghafla utaona mstari mweupe unang'aa unapita kwenye maungio kama mtu amechora kwa kalamu. Ondoa moto sekunde hiyo hiyo. Wengi wanabaki sekunde mbili zaidi kwa furaha, na hizo mbili kwenye fedha ndio zinazoyeyusha.

Hesabu mpaka kumi, kipoze majini, tia kwenye asidi, kisuuze, kivute kwa plaizi mbili kwa nguvu. Kikifunguka angalia ndani ya maungio: ukikuta weusi, ulikuwa uchafu au flaksi imekufa, ukikuta pameng'aa upande mmoja tu, ncha hazikugusana au joto lilikuwa la upande mmoja. Mstari mweupe juu ya shaba utabaki unaonekana, ndivyo ilivyo solda ya fedha kwenye shaba.

Vipete kumi vikivutwa na visifunguke hata kimoja, rudia zoezi hilo hilo kwa waya wa fedha ya 925, ila hapo kaa tayari kuondoa moto mapema zaidi, na ukiona uso wa fedha umeanza kumetameta na kutikisika kama maji, umeshachelewa.